Bei ya Jioni

Simu za mbali zilikuwa na bei mbili, na watu walizipa majina yao. Bei ya mchana waliiita bei ya serikali, kwa kuwa wengi waliopiga mchana walikuwa maofisa na waliolipa hawakuwa wao. Bei ya jioni ilianza saa kumi na mbili na ilikuwa nusu ya ile nyingine. Hiyo waliiita bei ya mkwe, kwa sababu ndipo mtu alipoweza kuulizia ukoo mzima kabla ya kusikia sauti yangu ikisema, "Dakika tatu."

Maneno hayo mawili ndiyo niliyoyasema kuliko yote. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu wa ubao wa kuunganishia simu hana habari na mazungumzo ya watu. Anauliza namba, anaomba mtu asubiri, anataja muda, basi. Wenzangu waliona ni kifungo. Mimi niliona ni pumziko. Tangu utoto wangu kwetu Newala nilikuwa mtu wa haya. Nikitumwa dukani nilirudi mikono mitupu kwa kushindwa kupaza sauti juu ya kaunta. Nyuma ya ubao watu walinisikia bila kuniona, na niliyopaswa kusema yalikwisha kupangwa na wengine.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika, malori yakalala njiani na barua zikalala humo ndani. Kila mwenye jambo akaja posta yetu ya Lindi. Waya wetu wa kwenda Dar es Salaam ulikuwa na njia mbili tu za kuzungumzia, na shida zote za wilaya zilipita humo, za mbolea, za misiba, za harusi zilizokosa bwana harusi. Masikio yalichoka kabla ya miguu. Jioni nikirudi Mtanda, nilikopanga chumba, watu wa njiani walinisalimu nikawasikia kama wako upande wa pili wa waya, nikajikuta nangoja kuwatajia muda.

Bi Adija alikuja siku ya Jumatano, mchana, kabla zamu yangu haijaanza. Bwana Rafaeli, mkuu wetu, alimleta mwenyewe hadi pale nilipokuwa nimekaa nikinywa chai. Bwana Rafaeli alikuwa mnene, mchovu, mwenye mzaha wa chini kwa chini, na alikuwa akikaribia kustaafu. Aliniambia mama huyu ametoka kijijini Milola kwa lori la ushirika, ameuliza maswali hadi yeye ameishiwa majibu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka chuoni juzi, nimweleze.

Alikuwa mama mwembamba, wa umri wa mama yangu au zaidi kidogo. Pindo za kanga zake zilikuwa zimelowa, na mkononi alishika karatasi yenye namba ya simu. Shikamoo yangu aliipokea huku macho yake yako kwenye tangazo la bei ukutani. Kusoma alikuwa ndio kwanza anaanza, katika darasa la watu wazima, lakini alilitazama tangazo lile kama mtu anavyomtazama jirani asiyemwamini.

Shida yake aliieleza polepole. Alikuwa na mwana, Hasani, karani wa shamba moja la mkonge huko nje ya Tanga. Hasani alikuwa na ngiri iliyomtesa tangu mwaka uliopita, na sasa daktari alisema lazima apasuliwe. Kitanda alikwisha kupewa. Ijumaa asubuhi gari la shamba lingepeleka wagonjwa hospitali, na asiyepanda, kitanda chake kingechukuliwa na mwingine. Habari hizo zililetwa na Huseni, mpwa wa mama huyu, aliyepita kwa jahazi la mizigo hadi Lindi baada ya barabara kukatika. Lakini Huseni alileta na neno jingine. Hasani hatapanda gari lile. Amesema mtu hawekwi chini ya kisu akiwa hana radhi ya mama yake.

"Na radhi hana?" niliuliza.

"Hana," alisema Bi Adija. "Mimi ndiye niliyekaa nayo. Nimekuja kumpa."

Nilimwuliza kama alikwisha kufikiria simu ya maandishi, ile ya maneno machache, ambayo ingefika siku hiyo hiyo. Alinitazama kwa huruma.

"Radhi haiandikwi, mwanangu. Inatoka kinywani mwa mzazi, inaingia sikioni mwa mwana. Ikiandikwa na karani itakuwa radhi ya karani."

Basi nikamweleza bei. Fedha alizokuja nazo, zilizofungwa kwenye ncha ya kanga, zilitosha dakika tatu za mchana au dakika sita za jioni, na senti chache juu. Nilimwambia pia kwamba kwa saa ile mwanawe alikuwa kazini, karibu na simu, na njia moja ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa karibu kuwa wazi. Nilidhani nimemrahisishia. Alihesabu kitu kwenye vidole, si fedha, nadhani ni mambo aliyotaka kuyasema.

"Sisi watu wa Milola," alisema mwishoni, "dakika tatu hatujamaliza kuulizana mvua. Nitangoja jioni."

Nilitaka kumwambia kwamba jioni ofisi za mashamba hufungwa. Lakini alikwisha kunieleza kuwa Huseni alimwona Hasani kwa macho yake akizungumza kwenye simu, na kwamba Hasani ana simu. Alivyolitamka neno hilo, ana, kwa fahari ndogo ambayo hata uchovu haukuifuta, niliona haya kumbishia. Labda kweli karani yule alipewa nyumba yenye simu.

Jioni ilipofika nilimwingiza kwenye kibanda cha simu, nikampa mkonga wa simu, nikarudi kwenye ubao. Mwenzangu wa Dar es Salaam alinipeleka Tanga, Tanga ikanipeleka shambani, simu ikaanza kulia. Ililia kwa muda mrefu. Kupitia kioo cha kibanda nilimwona Bi Adija amesimama wima, kanga ameitengeneza vizuri kichwani kana kwamba mtu angemwona. Simu ikaendelea kulia katika chumba ambacho nilikiona wazi akilini, chenye meza, mafaili na kiti kilichosukumwa ndani na mtu aliyekwenda zake saa kumi.

Nilitoka kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hiyo bei ya jioni," alisema, "ni ya wale ambao simu inalala nao nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Na anayepigiwa ofisini ni lazima alipe ya mchana."

"Ndiyo, mama."

"Aliyeipanga alikuwa na simu nyumbani," alisema, bila hasira, kisha akainama kuokota kikapu chake.

Hakuwa na mtu wa kumlaza mjini. Binamu yake wa pale alikuwa amekwenda Kilwa Masoko msibani na mvua zikamzuia huko. Nilimwomba aje kwangu. Nilimwomba kwa sauti ndogo hivi kwamba aliniuliza mara mbili nimesema nini.

Nyumbani kwangu Mtanda alikataa kukaa kitandani, akakaa kwenye mkeka, akachukua mihogo niliyotaka kumenya akaimenya yeye. Alinitania kuwa sisi Wamakonde tunamenya mhogo kana kwamba tunachonga kinyago, na mwishoni kinachobaki ni kinyago, mhogo haupo. Nilicheka. Baadaye, mihogo ikiwa motoni, alinisimulia jambo lenyewe.

Nyumba yao ya zamani ilikuwa chini ya mlima Rondo, katikati ya mikorosho aliyoipanda marehemu mumewe, na marehemu alizikwa humo humo. Ilipokuja amri ya watu wote kuhamia kijijini, Bi Adija alisema yeye haondoki. Hasani alikuwa amesoma, na viongozi walimwamini. Aliwaambia wasije na watu, mama yake atahama, yeye mwenyewe atamhamisha. Asubuhi moja akapanda juu ya paa akaanza kushusha makuti kwa mikono yake.

"Alidhani ananiepusha na aibu," alisema. "Nyumba za wenzangu zilishushwa na wageni. Yangu ilishushwa na niliyemzaa. Nilikaa chini pale uani nikimtazama juu ya paa, amevaa shati lake la kuendea mkutanoni."

Miezi michache baadaye Hasani alipata kazi ya Tanga. Alfajiri ya kuondoka alipiga goti mlangoni mwa nyumba mpya, akasema, Shikamoo, mama. Bi Adija alikuwa akipepeta mtama.

"Nikaendelea kupepeta," aliniambia. "Akaisema tena. Nikapepeta. Ikabidi ainuke aende, lori linapiga honi. Shikamoo yake niliiacha pale mlangoni, haikupokewa na mtu."

Nilifunua sufuria, nikaangalia mihogo ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Asubuhi nilimwambia tena kwamba tungeweza kupiga mchana ule. Hasani angekuwa ofisini. Alikataa, na safari hii niliona kuwa hakukataa kwa ubahili. Alikuwa anaogopa. Alisema mtu hawezi kuingia katika jambo kama lile moja kwa moja kama mwizi. Itabidi aanze mbali, aulize hali, aulize mke na watoto, aulize kazi, hadi wote wawili wapate joto. Ndipo amguse pale panapouma. Dakika tatu zingekatika wakiwa bado wako kwenye watoto.

Ndipo nilipokumbuka simu ya kumtaja mtu. Watu wachache walikuwa wakiitumia pale kwetu. Mpigaji analipa ada ndogo juu ya bei, anataja jina la anayemtaka, na muda hauanzi kuhesabiwa mpaka mwenye jina hilo ashike mkonga. Asipokuwepo, opereta wa upande ule anaweza kuacha ujumbe kwamba mtu huyo aje kuingoja simu saa fulani. Nilimweleza Bi Adija kwamba kwa ada hiyo tungeweza kumwambia Hasani, mchana ule ule, kwamba jioni asiondoke ofisini. Fedha zake zingepungua kidogo, lakini dakika zake za jioni angezipata.

Alinifanya nieleze mara tatu. Mara ya tatu alinirudishia yeye, bila kukosea, kisha akauliza kama kuna mtu aliyesomea kuyafanya mambo haya yawe magumu, au yalijiotea tu yenyewe.

Ujumbe ulikwenda saa tano. Jibu lilirudi mchana: Hasani atakuwepo, mlinzi atamfungulia.

Siku ile ya Alhamisi mvua haikupumzika. Saa kumi na mbili kamili, bei ilipogeuka, njia zote mbili za Dar es Salaam zilikuwa kimya. Ilikuwa hivyo kila jioni katika pwani yetu. Nafuu inaanza, na papo hapo muadhini anaadhini, na kila mtu anakwenda kuswali Magharibi. Kwa karibu nusu saa ubao ulikuwa mali ya Wakristo, na Bwana Rafaeli alipenda kusema hiyo ndiyo bahati pekee aliyowahi kuipata kwa kubatizwa.

Nilitoka haraka nikamwambia Bi Adija kwamba njia ni nyeupe, aingie sasa, baada ya swala kutakuwa na foleni. Alikuwa amekwisha kuinuka, lakini alikuwa akiomba maji ya kutawadha.

"Mama, hii nafasi haitarudi."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini nikampe mtoto radhi huku mimi mwenyewe nimeikimbia yangu kwa Mungu?"

Alikwenda nyuma, kwenye veranda, akatandika kanga yake ya pili. Mimi nilirudi kwenye ubao nikazitazama zile njia mbili. Kisha mwenye duka la vitambaa akaja, na ofisa wa korosho, na mwalimu mmoja aliyefiwa, na wengine wakapiga kutoka majumbani mwao. Bi Adija aliporudi, uso wake bado una maji, walikuwepo watu wanane mbele yake. Mwalimu niliomba apitishwe kwanza. Wengine walifuata zamu zao. Kila mmoja alikuwa na bei ya mkwe na kila mmoja aliitumia yote.

Nilifanya kazi hadi kisikizio kikaniuma. Mara nilipopata nafasi nilimwuliza mwenzangu wa Dar es Salaam kama mtu wangu wa Tanga bado anangoja, naye alisema hajui, amechoka, watu wote wa nchi hii wameamua kuzungumza leo. Dirisha letu lilifungwa saa mbili. Robo saa kabla ya hapo Bwana Rafaeli alianza kupitapita akizima taa za mbele, na alipomfikia Bi Adija kwenye benchi aliiruka taa yake, akaiacha inawaka.

Ndipo njia ilipopatikana.

Simu ililia mara moja tu, ikapokewa. Ilikuwa sauti ya mzee. Alisema yeye ni Ismaili, mlinzi, na karani yupo, amelala kwenye benchi kwa maumivu, anamwamsha. Nilimwambia Bi Adija kupitia kwenye waya kwamba aliyepokea ni mlinzi, na muda haujaanza.

"Haujaanza?"

"Haujaanza, mama. Huyu hahesabiwi."

"Basi huyu nimsalimie vizuri," alisema.

Na akamsalimu. Waliulizana hali, wakaulizana nyumbani, mzee Ismaili akasema yeye ni mtu wa Kilwa Kivinje, ameondoka huko tangu enzi za Mwingereza, na Bi Adija akataja mtu wa Kivinje aliyeoa Milola, na mzee akamjua baba yake. Walicheka. Bi Adija alikuwa mwepesi, mwenye maneno, kama mtu aliyezaliwa ndani ya kibanda kile. Nilimfurahia. Nikawaza, kwa mdomo huu, dakika sita zitamtosha na kubaki.

Kisha nilisikia mkonga ukipita kutoka mkono hadi mkono.

"Haloo," alisema Hasani.

Nikaanzisha saa.

Bi Adija hakujibu. Nilimtazama kupitia kioo. Alikuwa ameshika mkonga kwa mikono miwili.

"Haloo," alisema Hasani tena. "Ni nani?"

"Ni mimi."

Halafu hapakuwa na kitu. Nilisikia mvua, na sikujua kama ni ya kwao au ya kwetu. Nilisikia pumzi mbili, moja ya mtu mwenye maumivu.

"Mama?"

"Naam."

Kimya tena.

Mambo yote aliyoyapanga, watoto, kazi, mke, hayakutoka. Mwanzoni sikuelewa. Mtu aliyetoka kucheka na mlinzi asiyemjua, sasa amekuwa jiwe. Kisha niliona midomo yake. Ilikuwa imekaa tayari kwa neno moja, na neno hilo halikuwa la kuanzia. Mkubwa hamwamkii mdogo. Alikuwa akingoja aamkiwe, na huko Tanga mwanawe alikuwa akiogopa kuamkia, kwa sababu mara ya mwisho alipiga goti akasema mara mbili na kilichomjibu ni ungo. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, na saa ilikuwa inakwenda.

Sauti ya mwenzangu wa Dar es Salaam ikaingia. "Lindi, hawa wako wamemaliza? Sisikii mtu. Nina watu wananipigia kelele hapa."

"Bado," nilisema.

"Hawazungumzi."

"Bado."

"Nawatoa, dada. Kama wana neno watapiga kesho."

Kesho ilikuwa Ijumaa, na gari la shamba lingekuwa limekwisha kuondoka. Nilikuwa na maneno yangu matatu tu ya kazi, namba, subiri na muda, na hakuna hata moja lililofaa. Nilimwona Bwana Rafaeli amesimama nyuma yangu na funguo mkononi.

Nikafungua swichi ya sauti yangu, nisikike pande zote mbili.

"Ndugu," nilisema. "Mama anangoja shikamoo yako."

Mwenzangu wa Dar es Salaam hakuwatoa, na nilijua bado yupo kwenye waya. Nikasikia benchi likilia huko Tanga, kama mtu anayeshuka taratibu akijishika tumbo. Mpaka leo nina hakika alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Adija. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Niliziba kisikizio kwa kiganja, kana kwamba hilo lingenizuia nisisikie. Nilimsikia Hasani akiuliza, kwa sauti ya mtoto, "Na ile ya siku ile, mama?"

"Na ile. Nimeipokea na ile. Radhi zangu zote unazo, za juu ya paa na za chini. Ingia ukapasuliwe."

"Basi kesho nitapanda gari."

"Panda." Akaitengeneza kanga kichwani. "Mvua huko ipo?"

"Ipo, mama."

"Na huku ipo. Haya, kalale."

Akauweka mkonga chini. Muda wa kutaja dakika tatu ulikuwa haujafika. Nilimwambia mwenzangu wa Dar es Salaam kwamba wamemaliza. Alikohoa, akasema haya, asante, halafu akaniuliza jina langu, jambo ambalo kwa miezi yote ile tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuliuliza. Nikamwambia naitwa Lusia.

Bwana Rafaeli alikuwa bado amesimama na funguo zake. Nilijua alisikia. Nilingoja anisomee sheria.

"Leo umetaja muda kwa maneno mengi," alisema. "Usizoee." Akaenda kuzima ile taa ya mwisho.

Tulirudi Mtanda kwa miguu, tumejifunika kanga moja, matope yakituvuta viatu. Bi Adija alikuwa amechoka mno, akinishika mkono kila palipoteleza. Fedha iliyobaki alikuwa ameifunga tena kwenye ncha ya kanga. Karibu na nyumbani alisimama kupumua.

"Kumbe lilikuwa neno moja," alisema. "Siku mbili nakaa kwenye benchi lenu natafuta bei rahisi ya neno moja. Ningepiga jana mchana, nikalala kwangu."

Nilitaka kumwambia kwamba jana mchana wangenyamaza vile vile, kwa bei ya serikali, na maofisa wakiwa nyuma yao wanangoja njia. Lakini maneno yangu ya siku ile yalikuwa yamekwisha.

"Twende, mwanangu," alisema. "Mihogo leo namenya mimi tena."